Jinsi ya kutembea Mama Ngina kwa kufuata maji na jua

Wengi wetu tunaoishi Mombasa tunaijua bustani ya Mama Ngina, iliyo ukingoni mwa bahari, kwa jioni yake ya Jumapili: mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, watoto wanaokimbia, meli moja ikiingia taratibu, kisha safari ya kurudi nyumbani. Hiyo ni raha ya kweli na simwambii mtu aiache. Lakini ukingo huu wa kusini mwa kisiwa, wenye jiwe la matumbawe chini, mibuyu juu na mlango wa bahari mbele yake, ni mahali pa kutembea kwa miguu na kutazama, na hupaona vizuri yule tu aliyepanga siku yake kwa maji na saa yake kwa jua. Njia yenyewe ni nyepesi. Kutoka mnara wa taa wa Ras Serani hadi karibu na kivuko cha Likoni hapafiki kilomita tatu, hakuna mlima wa kupanda, na tangu bustani ilipokarabatiwa na kufunguliwa upya Oktoba 2019 sehemu kubwa ya njia imetandikwa vizuri, kiasi kwamba mzee mwenye mkongojo au mtoto wa miaka minne huimudu. Tenga saa tatu hata hivyo, kwa sababu utasimama mara nyingi.

Anza kwa kuchagua siku, na siku huchaguliwa kwa mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari huingia katika bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na hapa Kilindini tofauti baina ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Katika siku hizo za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayopita, saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50, hivyo baada ya wiki moja, mwezi unapokuwa nusu na maji yakiwa maji mafu, mambo hugeuka na bahari hujaa katikati ya asubuhi. Anayefuata kalenda ya Kiislamu hana haja ya kutafuta jedwali lolote: tarehe mosi na tarehe 15 za mwezi, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ndizo za bamvua, na ndivyo wavuvi wa pwani hii wanavyohesabu hadi leo. Mimi nilijifunza jambo hili kwa kukosa. Mara ya kwanza nilipomleta mgeni ili nimwonyeshe jiwe la ufukweni na viumbe wake, nilikuwa nimeangalia saa ya mkononi peke yake, tukafika na kukuta mawimbi yanapiga ukingo na jiwe lote limefunikwa. Tangu siku hiyo huutazama mwezi kwanza ndipo nikamwita mtu.

Ukiwa umepata siku ya bamvua, fika alfajiri. Jua la Mombasa huchomoza baina ya saa kumi na mbili kamili na saa kumi na mbili na nusu, kwa takriban, mwaka mzima, na kuanzia wakati huo hadi saa tatu hewa bado ni ya kuvumilika. Uzuri wa kuanza wakati huo katika siku ya bamvua ni kwamba unaanza maji yakiwa yamekwisha kuanza kutoka, na kila unapopiga hatua bahari nayo inarudi nyuma, ikikufunulia jiwe kipande kwa kipande hadi unapomaliza.

Upande wa kuanzia pia una maana. Asubuhi anzia mnara wa taa uelekee kivuko, kwa kuwa jua litakuwa mgongoni na kila kilicho mbele yako, magome ya mibuyu, meli, ng'ambo ya Likoni, kitakuwa kimeangazwa. Jioni fanya kinyume chake, anzia upande wa kivuko uelekee mnarani. Anayekwenda kinyume na jua hutembea amekunja uso na haoni ndege hata mmoja ila kivuli chake.

Majira nayo yahesabiwe. Kaskazi inapovuma, kuanzia Desemba hadi Machi, ukingo huu huwa umekingwa kiasi, maji hutulia na kung'aa, ingawa joto ni kali. Kusi inapoingia, kuanzia Aprili hivi, upepo huja moja kwa moja kutoka baharini na mawimbi hupiga jiwe kwa kishindo, na rasharasha zake hufika njiani. Siku za kusi ni nzuri kwa anayependa kuitazama bahari ikiwa na nguvu, lakini mvua za masika hufanya jiwe liteleze, na katika miezi hiyo mimi hubaki juu kabisa. Vaa viatu vyenye soli ya kushika, si ndara. Chukua kofia, maji ya kunywa, na leso au kitambaa cha kukalia. Darubini ndogo, kama unayo, itakufaa kuliko kamera.

Hapo mnarani simama kwanza na uelewe mahali ulipo, maana ramani yote ya Mombasa imefunguka mbele yako. Bahari Kuu iko mashariki, na mbele yako ndipo maji yanapogawanyika: mkono mmoja unazunguka kaskazini kuelekea Bandari ya Kale na Tudor, na mkono wa pili unapita kusini ya kisiwa kuingia Kilindini. Kila aliyewahi kuutaka mji huu alilazimika kupita hapa. Wareno, waliotangulia kuanza kuijenga Ngome kubwa, yaani Fort Jesus, mwaka 1593, waliweka pia ngome ndogo upande huu ili kuulinda mlango. Na jina Kilindini, ambalo siku hizi wengi wanalisikia wakaona makreni na makontena, lilikuwa la watu na mji wao kabla ya kuwa la bandari ya kisasa: Wakilindini, pamoja na Watangana na Wachangamwe, ndio Thelatha Taifa, yale mataifa matatu ya Waswahili wa Mvita, jina la kale la Mombasa.

Ukianza kwenda magharibi, macho yako yaende chini kabla ya kwenda juu. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe wa kale uliojengwa na viumbe wa baharini zaidi ya miaka laki moja iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo sasa kwa mita kadhaa. Maji yaliposhuka, mwamba ule ukabaki nchi kavu nasi tukajenga mji juu yake. Tafuta mahali ambapo ukingo umekatika vizuri na ulitazame jiwe kwa karibu. Utaona maumbo ya matumbawe kama ubongo au kama matawi, na magamba ya chaza na kome yaliyogeuka jiwe. Ukiwa na watoto, wape kazi hii na uwaache wahesabu. Jiwe hilihili ndilo lililochongwa kujengea Ngome na nyumba za Mji wa Kale, na ndilo lililochomwa kutoa chokaa ya kuta zake, hivyo mtoto aliyeliona hapa atalitambua tena atakapopita uchochoroni huko.

Tazama pia jinsi ukingo ulivyoliwa chini. Mawimbi na viumbe wanaotafuna jiwe huuchimba mwamba kwenye usawa wa maji, hata juu kukabaki kama paa lisilo na nguzo. Kwa sababu hiyo, sehemu inayoonekana imara ukiwa umesimama juu yake huenda chini yake ni tupu. Nalisema hili kwa msisitizo: usisimame kwenye mdomo wa ukingo, usimruhusu mtoto kuketi akining'iniza miguu, na usiteremke kwenye jiwe la chini ila ukiwa na mtu anayepafahamu, maji yakiwa yanatoka na si yanapoingia. Kuogelea katika mlango huu hakufai kabisa. Mkondo wake una nguvu, na meli kubwa inapopita huacha mawimbi yanayofika ukingoni baada ya meli yenyewe kwenda zake, wakati mtu amekwisha kusahau. Yote yaliyo muhimu yanaonekana kutoka juu: kaa wanaokimbia kuingia mianyani, mabwawa madogo yaliyobaki kwenye jiwe, yangeyange mweupe anayenyemelea samaki ukingoni mwa maji, na wakati mwingine mvuvi na mshipi wake, ambaye ukimwamkia kwa adabu atakueleza maji yamefika wapi na yatarudi lini.

Kisha mibuyu. Hapa ndipo mimi huchelewa zaidi, na ndipo ninapomwomba kila ninayemleta anyamaze kidogo. Mibuyu ya upande huu imesimama kwa kundi, mmoja mnene kuliko chumba cha kulala, mwingine umejipinda kwa upepo wa miaka, na hakuna awezaye kukuambia umri wa kila mmoja kwa kuutazama, kwa maana mbuyu hautoi hesabu yake kwa pete za shina kama miti mingine. Vipimo vilivyofanywa kwa mibuyu mikubwa ya Afrika vimeonyesha kwamba baadhi yake hupita miaka 1,000. Zunguka shina moja taratibu kwa miguu, ukihesabu hatua, kisha weka kiganja kwenye gome. Ni laini, lenye mikunjo kama ngozi ya ndovu, na sehemu liliponyofolewa utaona limeota upya. Watu wa pwani na bara waliambua gome hilo kwa karne nyingi kusokota kamba, na mti haukufa. Ndani, shina si gumu kama la mvule, bali limejaa nyuzi na huhifadhi maji, na ndiyo maana mti huu huweza kupukutisha majani yote katika kiangazi, ukabaki kama uliong'olewa na kupandwa kichwa chini, kisha mvua ikija ukarudi kijani.

Ukiyakuta maua, una bahati. Ua la mbuyu ni jeupe, kubwa, hufunguka jua linapotua na kunyauka siku ya pili, na wanaolihudumia zaidi ni popo, wanaokuja usiku kufuata utamu wake na kubeba chavua kutoka mti hadi mti. Kwa hiyo anayetembea jioni na akabaki hadi baada ya adhana ya magharibi anaweza kuwaona popo wakizunguka matawini. Chini ya mti huenda ukaokota buyu lililoanguka, lenye ganda la manyoya laini. Lipasue na uonje unga wake mweupe mchachu kabla hujanunua mabuyu mekundu ya sukari kwa muuzaji, ili mdomo ujue mwanzo wa kile unachokila.

Kuna jambo moja linaloniumiza kila ninapopita hapo, nalo ni majina yaliyochongwa kwa visu kwenye mashina. Kila herufi ni jeraha ambalo mti hubeba kwa muda mrefu kuliko aliyeliandika atakavyoishi. Wazee wetu waliona mbuyu mkubwa kuwa mahali pa heshima, na wengine hadi leo huutolea ubani na marashi. Hata asiyeamini hayo anaweza kuupita mti bila kuutia kisu. Takataka nazo zirudi nyumbani na wewe. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, lakini chupa bado zipo, na kinachoachwa juu ya ukingo huu kwa upepo wa kusi au wa kaskazi mwisho wake ni baharini.

Ndege si wengi wa aina, na lazima niwe mkweli kuhusu sababu yake. Utakaowaona zaidi ni kunguru wa Bara Hindi, wale wenyeji huwaita kurabu, ambao waliletwa pwani hii na watu na sasa huiba mayai na makinda ya ndege wengine. Hata hivyo mwewe huelea juu ya mlango, na chozi, wadogo wenye mdomo mwembamba uliopinda, hupatikana palipo na maua. Wasikilize kabla ya kuwatafuta kwa macho.

Unapokaribia upande wa Likoni, mlango huwa mwembamba na meli hupita karibu kiasi cha kukufanya usome jina lake ubavuni bila darubini. Keti hapo. Tazama jinsi vivuko vinavyoisubiri meli ipite, na jinsi boti ndogo za marubani zinavyoiongoza. Usipige picha za kivuko wala za askari bila idhini, na simu yako uiweke mfukoni kwenye msongamano wa abiria.

Anayetaka kuendelea arudi mnarani kwa kivuli cha miti ya upande wa uwanja wa gofu, kisha afuate barabara hadi Ngomeni, ambako atalikuta lile jiwe la matumbawe katika kuta. Anayetaka kupumzika asubiri wauzaji: dafu kwanza kwa kiu, mihogo baadaye. Ikiwa ni siku ya bamvua na umetembea kama nilivyoeleza, itakuwa karibu saa nne, na ukitazama chini mara ya mwisho utaliona jiwe lote likiwa wazi, likimeta, na maji yamesimama kwa muda mfupi kabla ya kuanza kurudi.