Kutafuta wakili wa madai ya fidia ya ulemavu ukiwa Tanga

Aliyekatwa vidole kwenye korona (mashine ya kuchakata mkonge), au aliyeangukiwa na mzigo bandarini, hahitaji wakili siku hiyo hiyo. Madai ya mwanzo kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) hayalipiwi. Unampa mwajiri taarifa, naye anatakiwa kuifikisha kwa Mfuko ndani ya siku 7 za kazi. Madai yenyewe yasivuke miezi 12 tangu ajali, au tangu ugonjwa wa kazi ulipogundulika. Mwajiri akiikalia taarifa, ipeleke mwenyewe, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Anayekudai pesa ya "kukujazia fomu" anakuuzia cha bure.

Wakili anapata kazi pale penye ubishi: mwajiri anasema ulikuwa kibarua tu wa siku, anakana kwamba uliumia kazini, au asilimia ya ulemavu uliyopangiwa ni ndogo. Huo wa mwisho ndio wenye fedha. Ulemavu wa kudumu usiozidi 30% hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo, ni pensheni ya kila mwezi. Ila asilimia haipandi kwa ufasaha wa wakili, inapanda kwa ripoti ya daktari. Basi kabla ya kumlipa mtu, rudi hospitali ulikotibiwa, iwe Bombo au kwingine, uombe ripoti inayotaja kiungo kilichoumia, kinakunjika kwa kiasi gani, na kazi ipi huiwezi tena. Karatasi inayosema "mgonjwa anaendelea vizuri" itakuangusha.

Kama uliumia nje ya kazi, hiyo ni njia nyingine, ya mifuko ya hifadhi ya jamii: NSSF, au PSSSF kwa mtumishi wa umma. Wakili asiyekuuliza hilo mwanzoni, mwage.

Majina yaulizie tawi la Tanga la Chama cha Mawakili Tanganyika (TLS), au chama chako cha wafanyakazi. Ukishapata jina, lihakiki kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Leseni huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo cheti cha mwaka juzi kilichotundikwa ukutani hakithibitishi kitu. Vishoka, yaani mawakili bandia, hupenda kuzunguka viwanja vya mahakama wakiwa na suti na mihuri. Wengi hukataa kutoa risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi), na hapo ndipo wanapojifichua.

Nenda na nakala za mkataba wa kazi au hata daftari la mahudhurio, hati za mshahara, ripoti za hospitali, PF3 (fomu ya polisi) kama ni ajali ya barabarani, majina ya wenzako walioshuhudia, na barua ya uamuzi wa Mfuko ikiwa na tarehe uliyoipokea. Nakala, si halisi: hati halisi zikibaki ofisini kwake, kumwacha kutakuwa vita. Muulize ameshughulikia madai mangapi ya fidia za kazini, na nani hasa atakayeandika pingamizi dhidi ya uamuzi wa Mfuko, yeye au karani wake.

Malipo yaandikwe, tena kwa hatua: ushauri na kusoma jalada, pingamizi, kisha mahakama ikifika huko. Ada ya jumla inayolipwa mapema humfanya wakili alale. Fidia iingie kwenye akaunti yako ya benki, kamwe isiingie ya kwake, na usisaini karatasi tupu hata kwa sababu ya "haraka".

Umefukuzwa kazi baada ya kuumia? Hilo ni shauri la pembeni, linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Wengi hulipoteza wakisubiri majibu ya Mfuko.

Huna fedha, pitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Huduma yao ni ya bure. Watakuandikia barua na kukuelekeza, lakini mahakamani hawasimami badala yako.