Kuishi na ukurutu sugu katika baridi ya Nyanda za Juu Kusini

Ukurutu, ambao wengi huuita pumu ya ngozi, hauambukizi, na mpaka sasa haujapata dawa ya kuumaliza kabisa, ingawa unaweza kutulizwa hata mgonjwa akapitisha miezi mingi bila kusumbuka. Wengi wanaolalamika kwamba wamejaribu kila dawa, kwa maoni yangu, walipata dawa sahihi mapema, wakaitumia kidogo mno, wakaiacha kabla ya wakati na kuhamia nyingine.

Hakikisha kwanza kwamba unachougua ni ukurutu. Kwa watoto wachanga huanzia mashavuni, na kwa wakubwa hupenda mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Kwenye ngozi nyeusi hauwi mwekundu kama picha nyingi zinavyoonyesha, bali huwa mabaka ya kijivu au meusi zaidi, yenye vipele vidogo na ngozi iliyokomaa kwa kukunwa. Ikiwa nyumba nzima inawashwa usiku na vipele vimejaa katikati ya vidole, huo huenda ni upele. Duara lenye ukingo ulioinuka huenda ni fangasi, ambao huenea zaidi ukipakwa krimu ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho.

Msingi wa matibabu ni mafuta, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, wakati baridi, upepo na hewa kavu ya Mbeya, Iringa na Njombe hunyonya unyevu kutoka katika ngozi ambayo tangu awali haiwezi kuutunza. Oga kwa dakika tano hadi kumi kwa maji ya uvuguvugu, hata kama asubuhi ya baridi ya Uyole, Mbeya, inakushawishi kujimwagia yanayofuka mvuke. Sabuni ya mche waachie wafuao nguo, na dodoki uliweke kando. Jikaushe kwa kugusagusa taulo, kisha ndani ya dakika tatu, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato, ukiyachota kwa kijiko safi ili vidole visiingize vijidudu koponi. Rudia angalau mara moja zaidi kwa siku. Mtu mzima ambaye ukurutu umemwenea mwilini anaweza kuhitaji gramu 250 hadi 500 kwa wiki, kwa hiyo kikopo kidogo kinachomaliza mwezi ni dalili kwamba hupaki ya kutosha. Mafuta ya bei ghali si lazima. Ya zeituni, licha ya sifa zake, huweza kudhoofisha ngozi ya namna hii; ya alizeti ni afadhali.

Nguo na mablanketi yaliyolowa mafuta ya mgando hushika moto upesi sana, kwa hiyo usiote jiko la mkaa ukiwa umejifunika, tena joto lenyewe huzidisha kuwashwa. Sweta la sufu nalo livaliwe juu ya fulana ya pamba.

Mabaka yakiamka, mafuta peke yake hayatoshi. Hapo huongezwa krimu ya steroidi: haidrokotisoni ya asilimia 1, iliyo hafifu, hutumika usoni na kwa watoto, na zenye nguvu zaidi, kama betamethasoni, hutumika mwilini kwa maelekezo ya mhudumu wa afya. Kamua utepe wa krimu kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye kiungo chake cha kwanza: hiyo ni takriban nusu gramu, nayo hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, vidole vikiwemo. Endelea mpaka ngozi iwe laini ukiigusa, kwa kawaida wiki moja hadi mbili, badala ya kuacha mara mwasho unapopungua. Kwa mabaka yanayorudi palepale, daktari anaweza kukuelekeza upake siku mbili tu kwa wiki ili kuyazuia.

Steroidi huogopwa, na hofu hiyo ingefaa zaidi kuelekezwa kwenye krimu za kung'arisha ngozi zenye klobetasoli, ambayo ni steroidi kali sana, na kwenye vikopo visivyo na maandishi vinavyosemekana kutibu kila kitu kwa siku mbili. Vidonge na sindano za steroidi pia husafisha ngozi haraka, lakini mara nyingi ukurutu hurudi kwa kishindo vikiisha.

Ukiona usaha, ukoko wa njano au homa, nenda kituo cha afya. Malengelenge madogo yanayofanana, yenye maumivu na yanayoenea haraka, yaonwe na daktari siku hiyohiyo. Ikiwa utaratibu huu umefuatwa kikamilifu na ngozi bado haijatulia, omba rufaa kwenda kwa daktari wa ngozi, kwa mfano katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Beba kila tyubu na kikopo ulichotumia, dawa za kienyeji zikiwemo, pamoja na picha za simu zilizopigwa mabaka yalipokuwa makali, kwa kuwa siku ya miadi ngozi inaweza kuwa imetulia.