Somo: Digrii ya uchumi yenye mwaka mmoja nje ya nchi, hatua kwa hatua

Wakuu habari zenu. Swali la jinsi ya kujipanga na huo mwaka wa nje nimelijibu inboksi mpaka nimechoka, sasa naandika mara moja hapa na ukija kuniuliza nakurudisha kwenye uzi huu.

1. Kabla ya kuomba, uliza huo mwaka wa nje unahesabiwaje. Kuna programu ambazo unatakiwa kufaulu tu, maksi hazigusi wastani wako wa mwisho, na kuna zingine maksi zote zinaingia. Usiondoke hujui uko upande gani.

2. Pasipoti, viza, bima. Anza mapema.

3. Maliza maikro ya kati (uchumi wa mtu na kampuni), makro ya kati (uchumi wa nchi nzima) na ekonometria ya kwanza (takwimu za uchumi) kabla hujapanda ndege. Huko ukichagua kozi za mwaka wa tatu unakaa na watu ambao Lagrange (hesabu ya kutafuta kilicho bora chini ya vikwazo) na regresheni (kupima kwa data uhusiano wa vitu) walishazimaliza, mwalimu harudi nyuma kwa ajili yako.

4. Mkataba wa masomo. Hapa nakaa maana ndipo nilipoumia. Kwa wanaoenda na Erasmus, mpango wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, hii ndiyo karatasi inayosainiwa na wewe, chuo chako na chuo kinachokupokea, inasema utasoma nini kule na kitahesabiwa badala ya nini nyumbani. Mwaka mzima ni krediti 60 za ECTS (mfumo wa Ulaya wa kuhesabu krediti), muhula 30, na krediti moja ni kama saa 25 hadi 30 za kazi ukijumlisha na kujisomea. Sasa mimi nilifika nikakuta kozi mbili nilizoandika zinagongana kwenye ratiba, moja ilikuwa ya maikro, nikaitoa nikaweka uchumi wa menejimenti kwa sababu jina lilikaa vizuri, koordineta, yaani mratibu, akaniambia kwa mdomo haina shida, nikasoma, nikafaulu vizuri tu. Kurudi nyumbani idara ikafungua silabasi, ikasema hii ni kozi ya shule ya biashara, haina hesabu, haiwezi kusimama badala ya maikro, na kwenye mkataba haipo. Krediti zikapotea. Mwaka wa mwisho nikawa narudia maikro huku naandika tasnifu, na ule mwaka sitausahau.

Kwa hiyo:
- Jina la kozi lisikudanganye, soma silabasi: kitabu gani, hesabu kiasi gani, mtihani wa aina gani.
- Kozi ikibadilika, mkataba ubadilike kwa maandishi wiki hizo hizo za mwanzo na pande zote tatu zisaini. Neno la mdomo halina kazi.
- Andaa kozi mbili tatu za akiba ambazo idara yako imeshazikubali.
- Pakua silabasi zote ukazihifadhi, kurasa za vyuo huwa zinafutwa.

5. Wahi kufika, ujisajili.

6. Usirudi kabla hujajua transkripti (karatasi ya matokeo yako) inatumwa na nani na lini.

MASWALI

Ekono01: Mkuu chuo gani kizuri cha kwenda?

Jibu: Kizuri kwa kusoma nini? Njoo na silabasi mbili tuzilinganishe.

Msafiri_2: Krediti ngapi kwa mwaka?

Jibu: Hatua ya 4.

Kijana_wa_Soko: Mbona unatisha watu, rafiki yangu alibadilisha kozi bila kusaini chochote na akahesabiwa zote

Jibu: Sitishi mtu. Rafiki yako idara yake ilimwelewa, yangu haikunielewa, na wewe hujui yako itafanyaje mpaka uwe umesharudi. Saini.

Dada_Grafu: Samahani kaka, niko Ufaransa, nimepata 13 kati ya 20 kwenye ekonometria. Nikipiga kwa mia ni 65, roho imeniuma. Ndivyo watakavyohesabu nyumbani?

Jibu: Dada tulia, umefanya vizuri. Kule 10 ndiyo kufaulu, 12 tayari ina sifa, 14 ni nzuri, 16 ni nzuri sana na wanaoifikia ni wachache. Ujerumani ndiyo inageuka kabisa, 1,0 ndiyo ya juu na 4,0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu, Italia wanaanzia 18 kati ya 30. Kupiga kwa mia ni sawa na kulinganisha mishahara ya nchi mbili bila kuangalia bei za vitu. Ubadilishaji wa haki unaangalia umesimama wapi kati ya waliofaulu, ndiyo maana ECTS ina jedwali la mgawanyo wa alama. Omba chuo kiambatanishe jedwali hilo na transkripti yako, halafu uliza idara yako nyumbani inatumia kipimo gani. Ukikwama rudi hapa tulisome pamoja.

Mzee_wa_Data: Naongezea kidogo. Ufaransa na Ujerumani desimali ni koma, siyo nukta. Mafaili ya data mara nyingi yanatenganishwa na nukta mkato, ukiyafungua kizembe namba zinageuka maandishi na regresheni inagoma. Kwenye R (programu ya takwimu) tumia read.csv2 badala ya read.csv.

Dada_Grafu: Kumbe! Nilipoteza jioni nzima kwa hilo. Na kwenye Excel je?

Mzee_wa_Data: Usibonyeze faili mara mbili. Ingiza data kwa menyu ya data, uchague mwenyewe kitenganishi na alama ya desimali.

Jibu: Asante mzee, hii naiweka kwenye hatua ya 3.