Kabla ya kuchagua mfumo wa faili wa flashi kwenye kifaa kidogo

Anza na chipu yenyewe; majina ya mifumo ya faili yatafuata. Unachotaka kujua kwanza ni kama flashi yako (kumbukumbu inayohifadhi data hata bila umeme) ni ghafi au ina kidhibiti ndani yake. Kadi ya SD na eMMC (flashi yenye kidhibiti, iliyobandikwa kwenye bodi) zina kidhibiti kinachoficha bloku mbovu, yaani vipande vya flashi vilivyoharibika, na kusambaza uandishi, hivyo Linux huziona kama diski ya kawaida, na mifumo ya faili ya ext4 au F2FS inafaa. NOR na NAND ghafi, aina mbili kuu za chipu za flashi, hazina msaidizi huyo. Ndiyo maana UBIFS, mfumo wa faili wa flashi ghafi, haikai kwenye kadi ya SD, wala ext4 haiwekwi moja kwa moja juu ya NAND ghafi.

Kisha piga hesabu ya uchakavu. Kuandika hugeuza biti kutoka 1 kwenda 0. Kuirudisha 1 ni lazima ufute bloku nzima, na kila kufuta kunakula umri wa chipu. NOR nyingi za SPI (zinazounganishwa kwa waya chache) hufutwa kwa vipande vya KB 4 na huhimili takriban mara 100,000. Kifaa kinachorekodi kipimo kila sekunde 10 huandika mara 8,640 kwa siku. Kama kila uandishi unafuta kipande kilekile, umri huo unaisha kabla ya siku 12! Kwa hiyo chagua mfumo unaosambaza uchakavu, na ikiwezekana kusanya vipimo kwenye RAM kwanza, ilimradi unakubali kuvipoteza umeme ukikatika.

Na umeme utakatika. Hapa ndipo nisipolegeza msimamo. FAT, mfumo wa faili wa zamani, huandika jedwali lake la faili palepale lilipo, kwa hiyo kukatika katikati ya kazi kunaweza kuvuruga hata faili ambazo hazikuguswa. Littlefs, mfumo wa faili uliotengenezwa kwa ajili ya vidhibiti vidogo (microcontroller, kompyuta ndogo ya chipu moja), huandika toleo jipya pembeni na kuliacha la zamani hadi jipya likamilike. Lakini usiamini maelezo peke yake: unganisha relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ikate umeme kwa nasibu wakati kifaa kinaandika, irudie mara mamia, na kila kinapowaka soma faili zote.

RAM na muda wa kuwaka navyo vina neno. JFFS2, mfumo mwingine wa flashi ghafi, hukagua flashi wakati wa kuwaka na kuweka ramani yake kwenye RAM. Kwa NOR ya MB chache haina shida, kwa NAND kubwa inachosha, na hapo UBIFS ni bora. Programu zisizobadilika ziweke kwenye SquashFS, mfumo wa faili wa kusomwa tu, katika sehemu yake peke yake.

Usijaze sehemu ya data hadi ukingoni. Mifumo kama littlefs, JFFS2 na UBIFS huhitaji bloku tupu ili kuhamisha data hai kabla ya kufuta ya zamani. Zikiisha, uandishi hupunguza kasi kwanza, kisha hukataliwa hata kwa faili ndogo.