Kibaba cha hewa: kupima dozi ya mionzi Mombasa bila kupotoshwa na joto wala unyevu

Mzee mmoja aliyemleta mkewe kutoka Msambweni aliniuliza tukiwa kwenye veranda ya kusubiria: "Mwanangu, huu moto mnaompiga nao mama yako hauonekani wala hausikiki. Mnajuaje kuwa umemtosha na haukumzidi?" Nikamjibu kwamba twaupima kwa maji, na kwa hewa kidogo iliyo ndani ya kichemba chembamba kuliko kidole changu cha mwisho. "Hewa hii hii ya Mombasa?" Naam babu, hii hii. Na hapo ndipo penye kazi.

Mimi ni mwanafizikia wa tiba, mzaliwa wa Likoni. Haya nawaandikia vijana wanaomaliza masomo bara na kuja kufanya kazi Pwani. Hesabu mnazijua. Ila chumba cha mashine ya mionzi ya kutibu saratani cha hapa kina mambo yake, na mengi yake hayakuandikwa daftarini mwenu.

Dozi hupimwa kwa grei, jina la mwanafizikia Mwingereza Louis Harold Gray. Grei moja ni joule moja ya nishati iliyomezwa na kilo moja ya mwili. Ni kidogo mno: grei moja hupasha maji joto la nyuzi 0.00024 tu, kwa hivyo usitarajie kuipima kwa kipimajoto. Lakini mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi akipewa grei 2 kila siku kwa siku 25, zinakuwa grei 50. Mashine ikikosea kwa asilimia 5 kwa muda wote huo, tofauti ni grei 2.5, zaidi ya matibabu ya siku nzima. Ikipungua, uvimbe unapona nusunusu. Ikizidi, kibofu na utumbo ndio wanaolipa.

Kwa hiyo kipimo kikubwa cha mwezi tunakifanya Jumamosi, mashine ikiwa haina mgonjwa, na lengo ni kuwa ndani ya asilimia 2. Kile cha kila asubuhi ni cha haraka, kwa kifaa kidogo, na huruhusiwa asilimia 3. Hapa nazungumzia cha mwezi.

Maji yalale chumbani

Kazi yenyewe huanza Ijumaa jioni. Jaza tangi la kupimia, ambalo maji yake husimama badala ya mwili wa mgonjwa na ndimo chemba inamozamishwa, na uliache chumbani usiku kucha, kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi. Ukisahau yote mengine, hili shika.

Maji ya bomba ya hapa, tangi la jengo likiwa juu ya paa, hutoka na nyuzi 30 na zaidi. Chumba cha mashine kina nyuzi 22. Tangi la sentimita 30 kila upande hubeba lita 27, na lita 27 hazipoi kwa saa moja. Mwaka wangu wa kwanza kazini, mahali pengine si hapa, nilijaza maji adhuhuri, nikasoma kipimajoto cha ukutani, nikaandika 22. Maji yalikuwa 29. Nyuzi saba hizo ni makosa ya asilimia 2.4. Niliamini mashine inatoa pungufu nikaipandisha. Mwenzangu alirudia kipimo Jumatatu alfajiri kabla ya mgonjwa wa kwanza, akakuta imezidi, tukairudisha. Tangu siku ile kipimajoto changu hukaa ndani ya maji, ubavuni mwa chemba, na nakisoma mwanzo, katikati na mwisho.

Kwa nini joto la maji lina nguvu hivyo? Chemba tunayotumia ina nafasi ya sentimita za ujazo 0.6, na haijazibwa. Ina njia ndogo ya kupumulia. Mionzi ikipita huivunja hewa iliyomo kuwa chaji za umeme, nasi tunazihesabu kwa elektromita. Sasa chukua kibaba cha dukani: ukipima nacho mchele, ukubwa wake haubadiliki. Lakini hewa si mchele. Ikipata joto hupanuka, sehemu yake ikatoka, na ndani ya kibaba kilekile hubaki chache. Hewa chache, chaji chache, nawe ukadhani mashine imelegea.

Kanieneo: usiazime namba ya uwanja wa ndege

Jambo la pili la kibaba hiki ni kanieneo ya hewa. Aliyefundishwa Nairobi, mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, amezoea barometa kusoma karibu kilopaskali 83. Hapa kwetu husoma karibu 101. Rekebisho ni hili: jumlisha 273.2 na joto la maji, gawanya kwa 293.2, kisha zidisha kwa 101.325 na ugawanye kwa kanieneo uliyosoma. Kwa maji ya nyuzi 25 na kanieneo ya 100.9 unapata 1.021. Kule Nairobi, nyuzi 21 na 82.8, unapata 1.228.

Tazama tofauti hiyo kwa makini. Kijana akija na jedwali lake la hesabu ambalo kisanduku cha kanieneo bado kina namba ya Nairobi, ataiona mashine yetu inatoa asilimia 20 zaidi ya kiasi. Akiishusha ili "kuirekebisha", kila mgonjwa atapata pungufu ya asilimia 17. Kwa hiyo futa visanduku vyote kabla ya kuanza. Usirithi namba ya mtu.

Wala usichukue kanieneo kwenye simu au taarifa ya uwanja wa ndege. Namba hizo huwa zimeshapelekwa kwenye usawa wa bahari ili marubani wazitumie. Hapa Mombasa kosa lake ni dogo, na udogo huo ndio unaowazoesha watu vibaya, kwa sababu siku utakapohamia Nakuru au Eldoret litakuwa kubwa mno. Barometa iwe chumbani mwako, iwe imehakikiwa, na isomwe saa ileile ya kipimo. Kwenye ukanda wetu wa tropiki kanieneo nayo hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kama bahari: hupanda karibu saa nne asubuhi, hushuka karibu saa kumi alasiri. Kwa msimu pia, wakati wa kusi barometa yangu hukaa juu kidogo kuliko wakati wa kaskazi. Ni sehemu chache za asilimia, lakini sehemu chache tatu nne zikielekea upande mmoja zinakula ile asilimia 2 yote.

Unyevu na chumvi

Wengi huniuliza unyevu. Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, ule wa TRS-398 uliotoka mwaka 2000 na kuhuishwa mwaka 2024, unasema unyevu ukiwa kati ya asilimia 20 na 80 huna haja ya kurekebisha chochote. Nje ya mlango, usiku wa hapa hupita 80 kwa urahisi. Ndani, kiyoyozi kinaushusha. Basi kiyoyozi kisizimwe usiku kwa ajili ya kubana bili ya umeme. Nimelisema hili mbele ya wakubwa zangu na nitazidi kulisema.

Madhara makubwa ya unyevu yako kwenye viungio vya waya. Tunapima chaji ndogo sana, nanokulombi kumi na kitu. Ukishika kiungio kwa mkono wenye jasho, chumvi inabaki pale, inavuta maji, na umeme unapenyeza. Kausha mikono. Funika viungio wakati havitumiki. Washa elektromita nusu saa kabla, kisha ipime dakika nzima bila mionzi: ikihesabu chochote kinachokaribia sehemu moja kwa elfu ya kipimo chako, simama utafute penye kuvuja.

Kipimo chenyewe

Hapa nitakwenda haraka kwa sababu mmesomeshwa. Mashine ielekee chini, uwanja wa mionzi uwe sentimita 10 kwa 10, uso wa maji uwe sentimita 100 kutoka kwenye chanzo, na katikati ya chemba iwe sentimita 10 chini ya uso huo. Subiri maji yatulie kabisa. Angalia uso tena kila baada ya saa, maana kiyoyozi hukausha maji, na milimita moja ya kina ni karibu nusu asilimia. Piga yuniti (hesabu ya mashine yenyewe ya mionzi inayotoa) mia kadhaa za kuizoesha chemba kwanza, uzitupe hesabu zake. Halafu piga yuniti 100 mara tano.

Badilisha volti za chemba kutoka 300 hadi 100, kisha geuza chanya kuwa hasi, na kila mara subiri dakika chache chemba itulie. Hivyo utajua chaji ngapi zinaungana tena kabla ya kuhesabiwa. Kipimo cha volti 300 kikizidi kile cha 100 kwa sehemu 8 kwa elfu, rekebisho ni 1.004.

Mfano wa mashine ya megavolti 6. Wastani wa vipimo ni nanokulombi 12.25. Zidisha kwa 1.0213 ya joto na kanieneo, kwa 1.004 ya chaji zinazoungana, na kwa 1.001 ya chanya na hasi: 12.57. Zidisha kwa namba ya cheti cha chemba, tuseme 0.0536, na kwa 0.991 ya ubora wa mionzi: grei 0.668. Kina cha sentimita 10 hupata asilimia 66.7 ya kilele, yaani pale dozi inapokuwa kubwa kuliko kote majini, kwa hiyo kwenye kilele ni grei 1.001. Kwa yuniti 100 tulitaka 1.000. Mashine ni nzima.

Ikitoka 1.03, usiiguse mashine. Rudia kina, rudia joto, rudia barometa. Makosa mengi yako tangini.

Kisha mpe mwenzako namba ghafi, bila majibu yako, akapige hesabu chumba kingine. Mwaka 1996 nchini Costa Rica, chanzo kipya cha kobalti (madini yanayotoa mionzi ya kutibia) kiliwekwa, na katika hesabu dakika 0.3 ikachukuliwa kuwa sekunde 30. Dakika 0.3 ni sekunde 18. Wagonjwa 115 walipata mionzi iliyozidi, na baadhi yao ilikatisha maisha yao. Mtu wa pili mwenye kalamu angeliona hilo kwa dakika tano. Siwezi kulisoma tukio hilo bila kuwafikiria wale waliolala mezani wakituamini.

Na mtu wa tatu awe mbali kabisa. Shirika hilo la atomiki, pamoja na Shirika la Afya Duniani, limekuwa likituma vipimo kwa posta tangu 1969. Siku hizi ni vijiti vidogo vya kioo. Unavipiga grei 2, unavirudisha kwenye maabara yao karibu na Vienna, wao wanasoma na kukwambia umetoa kiasi gani. Ukiwa ndani ya asilimia 5 umekubaliwa. Usivipige kwa uangalifu wa pekee. Vipige kama unavyompiga mgonjwa, ndipo jibu litakuwa na maana.

Ukimaliza, ikaushe chemba kwa kitambaa laini na uirudishe kwenye sanduku lenye chembe za kunyonya unyevu. Zikibadilika rangi, zikaange kwenye oveni hadi zirudi. Tangi limwage siku ileile. Maji yakilala siku tatu kwa joto la hapa, kuta huota ukijani, ukaingia kwenye reli inayobeba chemba, na mwezi ujao milimita yako ya kina haitakuwa milimita tena mpaka uisugue reli yote kwa mswaki.