Kutuliza nyumba kwa harufu: difyuza, lavenda na mbwa anayeogopa radi

Nyumba ya pwani haihitaji kufundishwa kufukiza. Chetezo kinajulikana, udi unajulikana, na vikuba vya asumini hufungwa hata pasipo harusi. Kinachohitaji maelezo ni kile kidude kipya cha umeme kinachotoa ukungu mwembamba mezani, difyuza: hutiwa maji na matone ya mafuta ya mimea yenye harufu, nacho wengi hukinunua wakidhani ni chetezo kisicho na moshi. Moshi wa chetezo ukizidi utakohoa na kufungua dirisha bila kuambiwa na mtu. Ukungu wa difyuza hauonekani ukishasambaa, kwa hiyo watu hupitisha kiasi na kuendelea kukaa humo humo saa nzima.

Mimi ni mkandaji. Difyuza ni chombo cha kazi chumbani kwangu, na siku hizi wateja wanaokuja kukandwa mabega ndio hao hao wanaoniuliza habari za mbwa anayetetemeka radi ikipiga. Utaratibu ninaowapa ni huu.

Hatua ya 1: Angalia nani anavuta hewa ya chumba hicho

Kabla ya kununua chochote, pita nyumba nzima. Ndani kuna paka? Kasuku au ndege wa tunduni? Mtoto mchanga, mjamzito, mwenye pumu, mwenye kifafa? Majibu haya ndiyo yanayoamua hatua zote zinazofuata.

Nianze na paka, maana kwetu paka hana mwenyewe: leo yuko kwako, kesho yuko kwa jirani. Ini la paka lina upungufu wa kimeng'enya kinachosaidia kuvunja kemikali nyingi zilizomo kwenye mafuta haya, hivyo kile ambacho mwili wako unakiondoa upesi kwake hukaa na kurundikana. Tena difyuza ya maji hurusha matone madogo mno ya mafuta halisi. Matone hayo hutua kwenye manyoya, naye paka hujilamba kutwa, kwa hiyo anayanywa. Mafuta ya melaleuka (kwenye chupa huandikwa "tea tree"), karafuu, mdalasini, mkaratusi, peremende, msonobari, ya jamii ya machungwa na hata langilangi yanajulikana kumdhuru. Lavenda nayo ina linaluli, kemikali ya harufu yake, ambayo ni mzigo kwa mwili wa paka. Msimamo wangu ni mkali kuliko wa wauzaji wengi: chumba anacholala paka hakiwashwi difyuza. Ukitaka harufu yako, tia tone moja kwenye kitambaa, unuse, kisha ukifungie ndani ya kopo.

Ndege ni vivyo hivyo, au zaidi. Mapafu yao yameunganishwa na vifuko vya hewa vilivyoenea mwilini, na hewa chafu huwadhuru haraka sana. Kama una ndege ndani, usiendelee na difyuza.

Mwenye pumu aulize daktari wake kwanza. Mkaratusi na peremende zisiwashwe karibu na watoto wadogo, kwani zinaweza kuwabana pumzi. Mwenye kifafa ajiepushe na mafuta yenye kafuri nyingi, kama ya rozmari. Mjamzito naye asianze bila kumwuliza mkunga au daktari.

Hatua ya 2: Chagua mafuta, na usome chupa kabla ya kunusa

Chupa ya kweli ni ya kioo cheusi au cha kahawia, ina jina la mmea kwa Kilatini, na haiuzwi bei moja na wenzake wote. Ukikuta duka ambalo waridi, lavenda na mchaichai ni bei ile ile, hapo unauziwa manukato ya kiwandani. Waridi halisi ni ghali kupita kiasi kwa sababu petali nyingi sana hutoa mafuta kidogo tu. Kipimo kingine cha nyumbani: dondosha tone kwenye karatasi nyeupe uliache likauke. Likiacha doa la mafuta kama la sambusa, huenda limechanganywa na mafuta ya kupikia au ya kujipaka.

Kwa utulivu mimi hutumia matatu tu.

Lavenda, ile inayoandikwa *Lavandula angustifolia*. Nyingi hutoka Ufaransa na Bulgaria. Angalia jina vizuri, kwa sababu *Lavandula latifolia* na ile chotara huwa na kafuri zaidi na huamsha badala ya kulaza. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika, kwani sanduku lote limepakwa rangi ya zambarau na neno moja tu, lavenda.

Kamomili, ua dogo jeupe, *Chamaemelum nobile*. Ni ghali, lakini tone moja linatosha. Mwenye mzio wa maua ya jamii ya alizeti aiache.

Ubani, *Boswellia*, wa Somalia au Dhofar, Oman. Mafuta yake hupatikana kwa kuichemsha ile gundi kwa mvuke, na harufu yake si ile ya mkaa unaoijua chetezoni; ni kama ganda la limau lililokauka. Wazee huupenda huu kuliko lavenda, na sioni haja ya kubishana nao.

Langilangi ni ua letu, na Visiwa vya Komoro vinajulikana duniani kote kwa mafuta yake. Lakini ni mazito. Tone moja chumba kizima, la sivyo kichwa kitauma. Mafuta ya karafuu, ambayo Pemba huyatoa kwenye makonyo na majani, yaacheni kwa jino linalouma. Eujenoli, kemikali kali iliyomo, huwasha macho na koo, na hula plastiki ya kifaa.

Hatua ya 3: Kifaa

Nunua difyuza ya maji inayojizima maji yakiisha na yenye kipima muda. Ile inayorusha mafuta matupu bila maji ni kali mno kwa chumba cha kulala na haifai kabisa penye mnyama. Iweke juu, mahali ambapo mtoto wala mkia wa mbwa haufiki, na mbali na kitanda kwa hatua mbili tatu.

Hatua ya 4: Maji na matone

Mililita 100 za maji, matone 3. Kwenye chumba chenye mbwa, tone 1. Ndiyo, moja.

Mililita moja ni kama matone 20, kwa hiyo chupa ya mililita 10 ina takriban matone 200. Ukiona chupa yako imekwisha kwa wiki mbili, unazidisha. Malalamiko ninayoyasikia kila mara ni haya: "Dada, nimeweka matone kumi na bado sisikii kitu." Husikii kwa sababu pua imezoea. Toka nje, zunguka uani dakika kumi, rudi. Utaisikia, na pengine utashtuka ilivyo kali.

Washa dakika 20 hadi 30, kisha zima. Dirisha moja liwe wazi kidogo, na mlango usifungwe. Hili la mlango ndilo ninalolisisitiza kuliko yote: kila anayevuta hewa hiyo, wa miguu miwili au minne, awe na njia ya kuondoka. Mbwa aliyefungiwa na harufu asiyoitaka hatulii. Ananyamaza tu kwa kukata tamaa, na kwa macho ya mwenye nyumba hali hizo mbili hufanana.

Kama umeme umekatika, chukua bakuli la maji ya moto, tia tone moja au mawili, liweke juu ya kabati. Inatosha kabisa.

Hatua ya 5: Ifundishe harufu siku za amani

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo karibu kila mtu huruka.

Watu hununua lavenda, huiweka kabatini, na mara ya kwanza wanaiwasha usiku ambao radi inapasua anga. Mbwa hujifunza nini? Kwamba harufu hii ikitokea, mbingu zinaanguka. Mara ya pili utakapoiwasha ataanza kutetemeka kabla hata wingu halijatanda. Pua yake ni kali kuliko yako mara nyingi mno, na inakumbuka.

Kwa hiyo anza wakati wa kiangazi, au mchana mtulivu. Tia tone moja kwenye kitambaa cha pamba, si kwenye difyuza, na usimpake mnyama popote. Subiri ameshakula, amejinyoosha mkekani pake. Weka kitambaa mita moja au zaidi kutoka alipo, kisha keti naye. Mpe mfupa wa kutafuna, mkune polepole, ongea kwa sauti yako ya kawaida. Baada ya dakika 20 kitambaa kirudi kwenye kopo lenye mfuniko. Fanya hivyo kila jioni saa ile ile kwa wiki mbili au zaidi. Akija mwenyewe kukinusa kitambaa na kulala karibu nacho, hapo unaweza kuhamia kwenye difyuza. Akihama chumba, amekujibu. Jaribu kamomili baada ya siku kadhaa, au achana na harufu kabisa.

Utafiti upo, ingawa ni mdogo. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, walitia harufu mbalimbali kwenye vibanda vya mbwa waliookolewa. Penye lavenda na kamomili walipumzika zaidi na kubweka kidogo. Penye rozmari na peremende walisimama, wakatembea na kubweka zaidi. Mwaka uliofuata mmoja wao, Deborah Wells, alijaribu lavenda kwa mbwa wanaohangaika ndani ya gari, nao walikaa na kulala zaidi safarini. Ona kwamba peremende, ambayo wauzaji huiweka kwenye seti moja na lavenda, ilifanya kinyume. Usichanganye kwa sababu tu chupa zimekuja pamoja.

Binadamu naye hufundishika vivyo hivyo. Ukiwasha lavenda huku unajibu ujumbe wa ofisini saa nne usiku, umeifundisha akili yako kwamba lavenda ni kazi. Iweke kwa jambo moja: taa imezimwa, simu iko chumba kingine, umelala chali unahesabu pumzi. Nje ya hapo usiiwashe. Harufu inayowaka kutwa hugeuka kuwa kama rangi ya ukuta, hakuna anayeiona tena.

Hatua ya 6: Siku ya radi, au usiku wa fataki

Usingoje mlio wa kwanza. Mawingu yakianza kukusanyika, au saa moja kabla ya fataki za mkesha wa Mwaka Mpya, washa difyuza kwa kipimo kile kile, tone moja. Usiongeze eti kwa kuwa leo hofu ni kubwa. Teremsha mapazia, washa redio kwa sauti ya chini, na mwache mbwa aingie uvunguni akitaka. Asivutwe. Baada ya nusu saa zima. Kama kelele bado zinaendelea, pumzisha hewa kwa muda kama huo kabla ya kuwasha tena.

Kwa mbwa anayejigonga ukutani au kuvunja meno akitafuna mlango, harufu haitoshi. Daktari wa mifugo ana dawa za hali hiyo, na ni vizuri kumwona kabla ya masika kuanza. Hali kadhalika kwa mtu: msongo unaokunyima usingizi wiki baada ya wiki unahitaji daktari au mshauri, si chupa ya pili.

Wenye punda na farasi huniuliza pia. Bandani difyuza haina maana, hewa ni kubwa mno. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona walinusisha farasi lavenda na kuona mapigo ya moyo yakionyesha utulivu, lakini kwa muda ule tu waliokuwa wakinusa. Basi kitumie kwa shughuli fupi, kama kukata kwato: kitambaa chenye tone moja mkononi, mnyama anyooshe shingo mwenyewe, na akigeuza kichwa usimfuate.

Hatua ya 7: Usome mwili, usisome saa

Mbwa anayepumua polepole, amelegeza masikio na kulaza ubavu, yuko sawa. Anayepiga miayo mfululizo, kulamba midomo, kupiga chafya, kuhema kwa nguvu au kujikuna pua sakafuni anakwambia zima. Dalili za sumu ni nzito zaidi: kutoka ute mwingi, kutapika, kuyumba, kutetemeka, kushindwa kupumua vizuri. Hapo mtoe nje kwenye hewa safi, zima kifaa, mpigie daktari wa mifugo mara moja, na uende na chupa ili aone ni mafuta gani. Kama mafuta yamemwagika kwenye manyoya, osha kwa sabuni ya kuoshea vyombo na maji vuguvugu. Usimlazimishe kutapika.

Kwako wewe, kichwa kuuma, koo kukauka au macho kuwasha ni ishara ile ile.

Usafi wa kifaa

Maji ya kisima ya miji mingi ya pwani yana chumvi, nayo huganda kwenye kile kisahani kinachotetema chini ya difyuza mpaka ukungu unakoma. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa au ya chupa. Mwaga mabaki kila baada ya kutumia, yasilale humo usiku kucha yakaota utelezi. Mara moja kwa wiki jaza maji nusu, ongeza kijiko cha siki, iache ifanye kazi dakika tano karibu na dirisha lililo wazi, kisha futa kisahani kwa pamba ya masikio. Usikikwaruze kwa kisu.

Chupa zikae kabatini penye giza na baridi, zikiwa zimefungwa vizuri, mahali ambapo mtoto hafiki, kwani kumeza hata kiasi kidogo ni hatari. Andika tarehe uliyofungua. Lavenda iliyokaa wazi na kupigwa na hewa hubadilika na kuanza kuwasha ngozi, hivyo ikianza kunuka uchachu, itoe nyumbani hata kama chupa bado iko nusu.