Kompyuta ya nyumbani inapokuwa nzito

Kompyuta yetu hapa Uyole, Mbeya, ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 tu. Ukiiwasha alfajiri, baridi ikiwa kali, chai ilikuwa inachemka kabla kompyuta haijatulia, na binti yangu ana masomo ya kupitia humo. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ikafunguka Task Manager, nikaingia sehemu ya Startup. Humo ndimo zilimo programu zinazojiwasha zenyewe Windows inapoanza. Spotify, Zoom, Teams: nilibofya kila moja, nikachagua Disable, yaani isijiwashe yenyewe. Usiogope, programu haifutiki. Ukiihitaji utaifungua mwenyewe. Antivirusi, programu ya kuzuia virusi, iache kabisa usiizime. Jina usilolijua, litafute mtandaoni kwanza. Chrome nayo, kwenye Settings, upande wa System, izuie kuendelea kufanya kazi ukishaifunga. Kisha zima, uwashe upya.